Nitamkumbukaje bibi akiwa mzima?

*Swali:* Shikamoo mama. Nililelewa na bibi tangu nikiwa na miaka 4 hadi nilipofika 18. Yeye ndiye niliyemjua kama mama. Miaka mitatu ya mwisho alipata dimenshia, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, nikarudi nyumbani kumuuguza. Kuna siku nilimkaripia. Mwishoni hakunijua tena, alikuwa akiniita jina la mtu nisiyemfahamu. Alipofariki, kitu cha kwanza nilichofanya ni kupumua, na hadi leo najionea aibu. Sasa ni miezi tisa. Nikifumba macho namwona kitandani tu, amekonda, ananitazama kama mgeni. Yule bibi aliyenilea simpati. Familia itakutana akitimiza mwaka na nimeombwa nisome wasifu wake. Wiki mbili sasa nimeandika "alikuwa mpole na mwenye upendo", basi. Nina sauti zake chache kwenye simu, sijathubutu kuzisikiliza. Mdogo wake wa mwisho bado yupo, ana miaka 81. Wajomba wananiambia nimwache bibi apumzike, alikuwa mzee, ameishi. Je, nina tatizo? Na nitamkumbukaje bibi akiwa mzima?

*Jibu:*

Marahaba, mwanangu. Pole sana. Nakupa pole mbili, ya kuuguza na ya kufiwa, maana nahisi waliokuja msibani walikupa ya pili tu.

Umeuliza habari za wasifu, lakini kuna jambo umelipitisha haraka katikati ya barua, na sidhani kalamu yako itakwenda kabla hatujaligusa. Bibi alipofariki ulipumua, na unaona aibu. Nimekaa na wafiwa zaidi ya miaka 20, na sijapata kukutana na mtu aliyeuguza kwa muda mrefu asiyekuwa na siri hiyo. Wengine huitoa siku ya kwanza, wengine huja mara tano sita ndipo iwatoke. Mwaka 2003 Richard Schulz na wenzake walichapisha utafiti wao nchini Marekani juu ya walezi 217 waliokuwa wakiuguza ndugu wenye dimenshia nyumbani, kama wewe. Baada ya mgonjwa kufariki, asilimia 72 walisema kifo kile kilikuwa nafuu kwao wenyewe, na zaidi ya asilimia 90 waliamini kilikuwa nafuu kwa mgonjwa. Hao hawakuwa watu wenye mioyo migumu. Kilichopumua ni mwili wako, mwili ambao kwa miaka mitatu haukupata usiku mmoja wa kulala ukatosheka. Moyo ulikuwa bado unampenda. Mambo hayo mawili hukaa ndani ya mtu mmoja bila kugombana.

Isitoshe, ulikuwa umeanza kufiwa zamani. Pauline Boss, mtaalamu wa familia aliyeanza kazi yake miaka ya 1970 kwa kukaa na wake wa askari waliopotea vitani Vietnam, aliona kwamba kuna msiba usio na tarehe. Kuna mtu ambaye mwili wake haupo na moyo haujakubali kwamba amekwenda. Na kuna mtu ambaye mwili upo, unauogesha, unaulisha, lakini mwenyewe ameshaondoka kidogo kidogo. Wewe ulimzika bibi vipande vipande kwa miaka mitatu, bila mtu hata mmoja kuja kukaa nawe matangani. Siku ya mazishi wenzako walikuwa wanaanza, nawe ulikuwa umechoka kulia.

Kuhusu kumkaripia sitakuambia haikuwa kitu, kwa sababu kwako ni kitu. Nitakuuliza swali moja tu: dakika kumi baada ya karipio lile, ulikuwa wapi? Karibu kila mlezi niliyemuuliza hivi hunijibu kwamba alikuwa amesharudi chumbani, anambadilisha shuka, anamfuta uso, anamfunika miguu. Watu hukumbuka karipio na kusahau kurudi. Chukua karatasi nyingine, isiwe ile ya wasifu, uiandike siku hiyo yote, karipio na kurudi kwako. Ukitaka kumwomba radhi, mwombe humo humo, ukimwita vile ulivyokuwa ukimwita. Kisha iweke mahali unapopajua.

Sasa tuje kwenye picha inayokukalia machoni.

Mwaka 1993 Daniel Kahneman na wenzake waliwaomba watu watumbukize mkono kwenye maji baridi ya nyuzi 14 kwa sekunde 60. Kwa mkono wa pili wakawaomba sekunde 60 zile zile, halafu 30 za nyongeza ambazo maji yalipata joto kidogo tu, mpaka nyuzi 15. Walipoulizwa ni zamu ipi wangekubali kuirudia, wengi walichagua ile ndefu, yenye maumivu mengi zaidi, kwa sababu iliishia vizuri kidogo. Sifananishi maji baridi na kifo cha bibi yako. Nataka uone tabia ya akili: jambo refu hulipima kwa kilele chake na kwa mwisho wake, urefu wenyewe haiuhesabu. Miaka 14 ya kulelewa ilikuwa mirefu na tulivu. Miaka mitatu ya ugonjwa ndiyo iliyokuwa na kilele na mwisho. Usishangae imejaa chumba chote.

Na kuna sababu nyingine ambayo nimefundishwa na wauguzaji wenyewe. Kwa miaka mitatu ulijizoeza kumtazama kwa jicho la hatari. Amemeza? Amelowa? Anapumua? Jicho hilo halijaambiwa kwamba zamu imekwisha, bado linalinda kitanda. Kwa hiyo nakusihi usipigane na picha ile. Mwaka 1987 Daniel Wegner aliwaambia watu wasimfikirie dubu mweupe kwa dakika tano, na dubu akawa haishi kurudi. Picha ya kitandani iachie nafasi yake, nayo ni bibi yako, na aliyekuwa ameketi pembeni ni wewe. Inachohitaji ni kupata majirani. Wasifu ndio utakaozileta picha nyingine zikae karibu nayo.

Lakini unasema yule bibi wa zamani humpati. Hapa nina jambo ambalo laiti watu wangeambiwa mapema, kwa sababu nimeona wajukuu wengi wakijilaumu bure. Unapojaribu kumkumbuka, nafikiri unatafuta matukio: siku fulani, saa fulani, neno fulani. Unakuta machache, labda hakuna, kisha unajiambia umemsahau. Hujamsahau. Mwanasaikolojia Marigold Linton alianza mwaka 1972 kuandika kila siku mambo yaliyompata, akawa anajipima mara kwa mara kama anayakumbuka, na aliendelea kwa miaka sita. Moja ya mambo aliyoyaona ni hili: jambo likirudiwa mara nyingi, kila mara ya peke yake hupoteza sura. Huyeyuka ndani ya zile nyingine. Mwaka huo huo wa 1972 Endel Tulving alitenganisha kumbukumbu ya matukio na kumbukumbu ya maarifa, yaani kukumbuka siku uliyoona kitu na kukijua kitu tu. Bibi yako alihama kutoka ya kwanza kwenda ya pili. Alikuamsha mara elfu, kwa hiyo huna asubuhi hata moja kichwani, una *kuamshwa*. Malezi hayakuwa tukio, ndiyo maana hayakuacha tukio.

Basi mtafute mahali alipo. Lugha yetu imetupa njia. Weka kando "alikuwa mpole". Chukua ukurasa mtupu, kila mstari uanze na "Alikuwa aki...". Alikuwa akifunga mlango mara mbili. Alikuwa akiniita kutoka chumba kingine kabla hajajua anataka nini. Alikuwa akinyamaza akikasirika. Andika mistari 30, usichague, usipambe, hata ule unaouona hauna maana. Pita naye siku nzima tangu kuamka: alitangulia kugusa nini, alivaa nini miguuni, alikaa upande gani wa kiti, nani aliruhusiwa kukalia kiti chake. Alitembeaje mtu akibisha hodi? Funguo zake alizificha wapi? Alikuwa akisema nini wewe ulipoumwa, na mkono wake ulikuwa wapi akisema hivyo? Ukifika mstari wa 15 hivi, mambo yataanza kuja yenyewe kwa kusukumana.

Kisha ndipo utafute "siku moja". Mazoea yakishapangwa, siku iliyoyavunja hujitokeza. Kama alikuwa akifunga mlango mara mbili, kuna usiku aliouacha wazi, na bila shaka alikuwa na sababu. Kama alikuwa akinyamaza akikasirika, kuna siku hakunyamaza. Tukio la namna hiyo linabeba mtu mzima ndani yake, kwa sababu msikilizaji anajua lilivunja nini. Nimesikia wasifu nyingi, na zile ambazo hadi leo sijazisahau zilikuwa na mazoea mawili au matatu na siku moja, basi.

Pua nayo ikusaidie. Mwaka 2006 Johan Willander na Maria Larsson, huko Uswidi, waliwapa wazee vichocheo vya namna tatu, maneno, picha na harufu. Maneno na picha ziliwapeleka zaidi kwenye ujana wao, na harufu ikawarudisha hadi miaka 10 ya kwanza ya maisha, ambayo ndiyo hasa unayoitafuta. Kama kuna nguo yake ambayo haijafuliwa, shali, foronya, kitambaa cha mkononi, usiifue. Ifunge vizuri kwenye mfuko, uifungue siku unapokaa kuandika, na kwa dakika chache tu, maana harufu huisha.

Sasa lile jina.

Umeliandika kama jeraha, na ninaelewa. Umelelewa na mtu, umemlea, halafu anakuita jina la mwingine. Lakini Mfaransa mmoja, Théodule Ribot, aliandika mwaka 1881 kwamba kumbukumbu zikianza kuharibika, za karibuni ndizo hutangulia kuondoka na za zamani hubaki nyuma. Katika dimenshia tunaliona jambo hilo mara nyingi. Wewe uliingia katika maisha yake akiwa ameshaishi sehemu kubwa ya umri wake. Ulikuwa tabaka la juu, na maji yalianza na la juu. Thamani yako haikuingia katika hesabu hiyo hata kidogo. Akamwona mtu anayemshika kwa upole, akatafuta katika kilichobaki jina linaloendana na mikono ya namna ile, akaliona, akakuita. Mimi nikisikia mgonjwa anamwita mlezi wake jina la mtu wa zamani, naamini amempandisha cheo. Mwenye jina hilo alikuwa nani? Dada? Rafiki wa utotoni? Mtoto ambaye familia haimtaji? Bibi yako mwenyewe alikuonyesha mlango wa kuingilia katika miaka ambayo wewe hukuwapo.

Na ni lazima uingie humo, kwa sababu wasifu wa bibi unaoanza na kuzaliwa kwa mjukuu ni nusu wasifu. Hili ndilo kosa ninalolikuta zaidi, na chanzo chake ni upendo: tunamwandika mlezi kana kwamba alizaliwa ili atulee. Alikuwa binti wa watu. Alikuwa na miaka 19 siku moja, akiwa na hofu zake na mtu aliyemfikiria. Kuna kitu alitaka kuwa asiwe. Ulipoletwa kwake una miaka minne, alikuwa na mipango mingine na maisha yake, na aliyakunja akayaweka kando, au hakuyakunja akakuweka ndani yake. Ipi kati ya hizo? Ukijua jibu utakuwa umeshamwandika nusu.

Anayejua ni mdogo wake wa miaka 81. David Rubin na wenzake walionyesha mwaka 1986 kwamba watu waliovuka umri wa kati hukumbuka zaidi mambo ya tangu miaka 10 hadi 30 ya maisha yao kuliko miaka iliyofuata. Ina maana bibi huyo mdogo anaweza kuwa na ujana wa dada yake mkononi, wazi kabisa, hata kama amesahau alichofanya wiki iliyopita. Nenda ukamwone. Usimuulize "bibi alikuwa mtu wa namna gani?", atakujibu alikuwa mpole, kama ulivyojijibu mwenyewe. Muulize mlilala chumba kimoja? Nani alikuwa mtundu? Alipigwa kwa kosa gani? Nani alimfundisha kazi ya kwanza? Alikuwa akiimba akiwa peke yake? Siku aliponileta nyumbani alikuambia nini? Ukiuliza, nyamaza. Wazee hutoa jambo la maana baada ya kimya, na sisi vijana, hata sisi wa makamo, huwakatiza hapo hapo. Mkiwa na picha za zamani mkononi mazungumzo hutembea vizuri zaidi. Nakuhimiza usichelewe. Bibi yangu mimi alikuwa mshonaji, na nilipotaka kuandika habari zake nikakuta sijui alijifunza kwa nani. Aliyejua alikuwa amefariki miezi mitatu kabla sijauliza. Hadi leo ninapoona cherehani naliwaza swali hilo.

Kuna jambo lingine ambalo familia nyingi hulipita: kazi yake iitwe kazi. Wahenga walisema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana, lakini tukifika kwenye wasifu tunaandika "alikuwa mama wa nyumbani" kana kwamba alikuwa ameketi. Wanasayansi wamejiuliza sana kwa nini mwanamke huishi miaka mingi baada ya kukoma kuzaa, jambo ambalo ni nadra kwa wanyama. Kristen Hawkes na wenzake walikaa na Wahadza kaskazini mwa Tanzania, wakaona wanawake wazee wakitumia saa nyingi kuchimba mizizi. Katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 1997, mama alipokuwa na kichanga, kuongezeka uzito kwa watoto wake wakubwa kulifuatana na kazi ya bibi yao. Mwaka 2004 Mirkka Lahdenperä na wenzake wakasoma rekodi za familia za zamani za Ufini na Kanada, wakakuta kwamba kila miaka 10 aliyoishi mwanamke baada ya kufika 50 iliendana na wajukuu wawili zaidi. Kwa wanaoifuata nadharia hii, uzee mrefu wa mwanadamu umejengwa na mikono ya mabibi.

Wewe fanya hesabu ya kwako. Tangu una miaka 4 hadi 18 ni zaidi ya siku 5,000. Mara 5,000 kuamshwa. Ni homa ngapi, ni viatu vingapi vilivyobana vikabadilishwa, ni mara ngapi alikaa macho ukichelewa kurudi. Uliposoma hadi usiku, nani alihakikisha taa inawaka? Isome hesabu hiyo mbele ya familia. Wapo watakaoisikia kwa mara ya kwanza.

Sema kweli pia. Kama alikuwa mkali, aliyemjua atakutambua unapousema ukali wake, na atakushangaa ukiuficha. Si lazima usome kila kitu. Kuna mambo ya watu walio hai ambayo si yako kuyatoa. Lakini usitengeneze malaika, kwa sababu malaika hakukulea. Tena usiogope binamu zako wakikumbuka tofauti. Tangu Frederic Bartlett alipochapisha majaribio yake mwaka 1932 tumejua kwamba kukumbuka ni kujenga upya kila mara, si kufungua kabati na kutoa kitu kilekile. Na zaidi ya hapo, kila mjukuu alipata bibi tofauti: aliyekuja akiwa na miaka 50 na nguvu zake hakumpata yule wa 70. Katika daftari lako weka alama tatu, moja kwa uliyoyaona, moja kwa uliyoambiwa na na nani, na moja kwa unayoyakisia. Itakusaidia miaka 20 ijayo, utakaposhindwa kutofautisha.

Zile sauti za simu. Si lazima uzisikilize sasa, lakini zihifadhi leo. Simu huibwa, huanguka, hufutwa. Mali bila daftari hupotea bila habari, nayo sauti ni mali. Toa nakala tatu: kwenye kompyuta, kwenye hifadhi ya mtandaoni, na nyingine kwa ndugu anayekaa nyumba nyingine. Utakapokuwa tayari, anza na ile ambayo alikuwa anasema jambo la kawaida kabisa, na uwe na mtu karibu. Picha za karatasi ziandike nyuma kwa penseli laini bila kukandamiza, majina ya watu, mahali na mwaka. Wino wa kalamu huweza kupenya upande wa pili. Mkae na yule bibi mdogo akutajie majina, kwa sababu baada yake zitakuwa picha za watu wasiojulikana.

Nimechelewa kufika kwa wajomba. Wanakupenda, na wao pia wamefiwa na mama yao. Lakini "alikuwa mzee, ameishi" ni neno linalofunga mlango. Kenneth Doka, mwaka 1989, alieleza huzuni ambayo jamii haiipi haki yake, na ya mjukuu mara nyingi huangukia humo: watu huipima kwa umri wa marehemu, wakati huzuni hupimwa kwa nafasi aliyoishika. Kwako hakufa bibi wa miaka mingi, kwako amekufa mama.

Na hili la "mwache apumzike" lina historia ndefu. Sigmund Freud, daktari wa Austria aliyeanzisha uchambuzi wa nafsi, aliandika mwaka 1917 kwamba kazi ya kuomboleza ni kuuondoa moyo kwa marehemu, kipande kwa kipande, mpaka uwe huru. Miaka mitatu baadaye alifiwa na binti yake Sophie. Mwaka 1929 alimwandikia rafiki yake Ludwig Binswanger, aliyekuwa amefiwa na mtoto, kwamba makali ya msiba hupungua lakini mbadala haupatikani, na kwamba ndivyo inavyofaa iwe, kwa kuwa ndiyo njia ya kuuendeleza upendo tusiotaka kuuacha. Aliyeandika nadharia alisahihishwa na msiba wake mwenyewe. Mwaka 1996 Dennis Klass, Phyllis Silverman na Steven Nickman walikusanya tafiti zilizoonyesha kwamba wafiwa wengi walio na afya njema hawamkati marehemu. Hubadilisha namna ya kuwa naye. Wajibu wajomba kwa upole: bibi anapumzika, mimi ninamwandika.

Lakini usimwandike kutwa kucha. Margaret Stroebe na Henk Schut, watafiti huko Uholanzi, walieleza mwaka 1999 kwamba mfiwa huenda na kurudi, mara ameelekea kwenye msiba, mara ameelekea kwenye maisha, na kwamba kupumzika na huzuni ni sehemu ya kuomboleza kwenyewe. Kaa na daftari mara mbili kwa wiki, dakika 45, kisha funga, nenda ukaonane na mtu, ukacheke kama kuna la kucheka.

Je, una tatizo? Kumwona mgonjwa machoni baada ya miezi tisa, peke yake, siiti ugonjwa. Shirika la Afya Duniani, katika orodha ya magonjwa ya ICD-11 iliyoanza kutumika Januari 2022, linatambua huzuni ya muda mrefu pale inapovuka miezi sita ikiwa bado kali, ikizidi kile ambacho jamii na dini ya mtu vinakitarajia, na ikimvuruga asiweze kuishi. Madaktari wa akili wa Marekani wao wameweka mwaka mmoja kwa mtu mzima. Hivyo kalenda pekee hainitoshi, jiulize haya: unalala? Unakwenda kazini na kazi inafanyika? Kuna siku umempitisha mtoto au rafiki moyoni ukafurahi? Au unahisi wewe mwenyewe umekufa na aliyebaki ni kivuli, unaikwepa nyumba yake, hasira au aibu ile haikupi pumzi tangu asubuhi? Kama ni haya ya mwisho, tafuta mshauri au daktari wa akili, yapo matibabu ya mazungumzo yaliyotengenezwa kwa ajili hiyo hasa na yanasaidia. Na kama umewahi kuwaza kujiua au kumfuata bibi, usingoje wiki ijayo: mwambie mtu leo, nenda kituo cha afya leo.

Siku ya kusoma, dakika tano zinatosha. Kwa msomaji asiye na haraka ni kama maneno 500. Mtaje jina lake kamili, na la wazazi wake. Soma mazoea yake mawili au matatu, siku yake moja, na neno moja alilokuwa akilisema vile vile alivyolisema, hata kama halikuwa sanifu. Miaka ya ugonjwa iseme kwa sentensi mbili, usiiruke, na usiache wengine waisimulie badala yako. Jisomee kwa sauti mara nne nyumbani ili uangue kilio mahali pake, na mpe ndugu nakala, kama sauti itakataa yeye aendelee kuanzia hapo.

Bado una miezi mitatu, haraka haipo. Ila kwa yule bibi wa miaka 81 haraka ipo. Mpigie leo jioni, umwamkie, umuulize hali, na kabla ya kitu kingine chochote mtajie jina lile ambalo dada yake alikuwa akikuita. Muulize lilikuwa la nani, halafu nyamaza umsikilize.